Waini ya Dodoma: namna ya kuinywa kwa msimu wake na kumjua aliyelima

Wadau, kuna kitu nimekiona kwa watu wengi hapa Dar. Mtu anaingia supamaketi, anasimama mbele ya rafu ya waini dakika kumi nzima, mwisho anabeba chupa yenye picha ya farasi au jumba la Kizungu maana inaonekana ya maana, ile ya Dodoma iliyo pembeni hata haigusi, ukimuuliza anakwambia "aah ile tamu tu ile, inaumiza kichwa". Mi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo miaka mingi. Kilichonibadilisha wala sio chupa, ni siku moja niliyokaa shambani kwa mama mmoja huko Dodoma, barabara ya Iringa, ndo nikajua kumbe hii kitu ina ratiba yake, ukiifuata unaenjoi na usipoifuata utabaki unailaumu chupa bure.

Basi mwongozo ndo huu, nimeupanga kwa hatua ila nikichepuka mnivumilie.

Halafu tuelewane kwenye jina. Kanisani ni divai, gazetini ni mvinyo, baa ni waini, kitu ni kilekile. Na hilo la kanisani sio bahati mbaya maana zabibu za Dodoma zilianza na wamisionari Waitaliano pale Bihawana, miaka ya 1950, misa inataka divai na kuagiza kila mara kutoka kwao huko ilikuwa kazi. Kwa hiyo kabla ya baa kulikuwa na altare.

HATUA YA 1: Jua kwamba mavuno ni mawili

Hapa ndo penyewe, ukishika hili mengine yanakuja yenyewe.

Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, unaamka, unavunwa mara moja kwa mwaka. Afrika Kusini pia mara moja, kati ya Januari na Aprili hivi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mti, mji uko juu kama mita 1,100 toka usawa wa bahari lakini jua ni jua kweli, mvua yenyewe inakuja kuanzia Desemba mpaka Aprili halafu inakata kabisa. Sasa mti usiolala anauamsha nani? Mkulima na mkasi wake. Anapogoa, yaani anakata matawi yote ya juu mpaka mti unabaki kama mkono umekunja ngumi, na siku aliyopogoa ndo inaamua siku ya kuvuna, hesabu kama miezi minne hivi kwenda mbele. Anayepogoa Oktoba au Novemba anavuna Februari, Machi. Anayepogoa Aprili au Mei anavuna Agosti, Septemba. Mti uleule, mwaka uleule, mara mbili.

Ila mavuno hayo hayafanani hata kidogo. Yule mama aliniambia kwa sentensi moja, huku akiendelea kukata: "Mwanangu, za kifuku zinataka dawa, za kiangazi zinataka maji." Kifuku ndo msimu wa mvua, wenyewe wa kule wanavyouita. Zabibu za kifuku zinakua kwenye unyevu, ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga) unashambulia majani na vichala, mtu anapiga salfa wiki hii wiki ijayo anapiga tena, na mvua ikinyesha karibu na kuvuna punje zinajaa maji, sukari inashuka, nyingine zinapasuka. Za kiangazi zinakua kwenye ukavu, ugonjwa unapungua, jua linapika sukari taratibu na usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli (nenda bila sweta uone), kwa hiyo zinatoka tamu na rangi imekolea, lakini hapo bila kisima au umwagiliaji wa matone huna kitu.

Faida yake kwako mnywaji ni swali moja tu la kumuuliza muuzaji: "hii ni ya mavuno ya Machi au ya Agosti?" Wengi hawatajua, sawa. Ila anayejua, huyo ndo wa kununua kwake.

HATUA YA 2: Nenda ukaone, na uchague wakati

Siku hizi hakuna kisingizio, tangu 2024 kuna treni ya SGR, unatoka Dar asubuhi na kabla ya saa nne za safari hazijaisha ushafika Dodoma, ilikuwa zamani unakaa kwenye basi kutwa nzima kiuno kinakufa.

Ukitaka kuona zabibu zikiwa mtini nenda Agosti mwanzoni, maana unapiga ndege wawili. Tarehe 8 ni Nanenane na viwanja vya Nzuguni vinajaa, watengenezaji wanaleta chupa, wakulima wanaleta vichala, na watafiti wa TARI Makutupora, hicho ndo kituo cha utafiti wa zabibu, mara nyingi unawakuta na miche yao, waulize chochote hawana hiyana. Ukishazunguka pale unatoka unaenda vijijini. Mashamba yako pande zote: Mpunguzi na Bihawana kwa barabara ya Iringa, Veyula na Makutupora kwa barabara ya Arusha, Hombolo kule kwenye bwawa, na Chinangali upande wa Chamwino kwenye shamba kubwa la wakulima la umwagiliaji.

Usiende shamba la mtu kama mtalii. Mpate kwanza mwenyeji, dereva wa bodaboda au mtu wa chama cha ushirika, afike akubishie hodi. Ukimkuta mtu mzima shikamoo kwanza, na ukiweza "mbukwenyi" ya Kigogo ndo utaona meno yote, utaitikiwa "mbukwa" na kiti kitatoka ndani. Nenda asubuhi. Saa sita jua la Dodoma halina undugu, na hata wao wanavuna mapema zabibu zikiwa bado na ubaridi wa usiku.

Ukifika fanya hivi, ni kajaribio ka dakika moja. Chuma punje moja nyekundu (omba kwanza!), imenye kwa kucha, kamua maji yake kwenye kiganja. Yanatoka meupe, karibu kama maji ya dafu. Rangi yote iko kwenye ganda. Hapo umeshaelewa kiwanda kizima kinavyofanya kazi bila kuingia ndani: waini nyekundu maana yake maji yalichachushwa pamoja na maganda siku kadhaa, nyeupe maana yake yalikamuliwa yakatengwa na maganda mapema, ile ya waridi yalikaa na maganda saa chache yakatolewa. Sasa tafuna lile ganda peke yake. Ule ukavu unaokamata ulimi kama umekula bibo la korosho, huo ni ukakasi, na ndo ukakasi uleule unaoukuta kwenye glasi ya waini nyekundu. Mi nilikuwa nadhani waini "kali" imetiwa kitu. Kumbe ni ganda.

HATUA YA 3: Jua nani anatengeneza na zabibu gani

Aina utakazosikia zaidi ni Makutupora nyekundu, hiyo ya kwetu imechukua jina la kituo, halafu Chenin Blanc ambayo asili yake ni Ufaransa na inatoa nyeupe, na Syrah na Cabernet Sauvignon kwa nyekundu nzito zaidi. Makutupora kwa ulimi wangu ina zambarau, zile zambarau zilizoiva mpaka zinaanguka zenyewe, ukakasi wake mdogo. Chenin ya Dodoma ikiwa nzuri ina pera na asali kidogo na uchachu wa kukuamsha. Syrah ndo ya watu wa nyama.

Watengenezaji wapo wakubwa na wadogo. Kuna CETAWICO kule Hombolo, kuna Alko Vintages pale mjini, kuna Dodoma Wine ya hao hao wanaotengeneza Konyagi, na kuna wadogo kibao wanaofanya kwa matangi machache nyuma ya nyumba, baadhi wazuri sana na baadhi Mungu anajua.

Ila mtu wa kumjua zaidi ni mkulima, na shida yake kubwa ni moja: zabibu haisubiri. Mahindi utaweka ghalani, alizeti utaweka, zabibu ukishakata una siku chache tu na kwenye joto lile hata hizo chache ni nyingi. Msimu ukikolea wote wanavuna pamoja, matangi ya viwanda yanajaa, anatokea mnunuzi na bei yake mkononi na mkulima anajua kabisa akikataa leo kesho anamwaga. Ndo maana utasikia sana kule habari ya mchuzi. Mchuzi wa zabibu, sio wa nyama! Ni zabibu zilizokamuliwa na kuchachushwa zikakaa kwenye matangi zikisubiri mwenye kiwanda cha kujaza chupa. Kikundi chenye mtambo wa kukamua na matangi kinageuza mzigo kuwa mchuzi, mchuzi unakaa miezi, na hapo hata mazungumzo ya bei yanabadilika sauti. Kwa hiyo ukikutana na kikundi kinachouza chupa zao wenyewe, hata kama lebo imechapwa kwa printa ya stesheneri, jaribu.

HATUA YA 4: Soma chupa kabla ya kulipa

Geuza chupa nyuma. Unataka kuona imetoka wapi, asilimia ya kilevi (waini ya kawaida inacheza 11 mpaka 14), alama ya TBS (shirika la viwango) na stempu ya kodi. Ukiona viungo ni maji, sukari, rangi na ladha, hicho ni kinywaji chenye ladha ya zabibu, kinaweza kuwa kitamu wala sigombani na mtu, ila usikiite waini ya Dodoma halafu ukalaumu wakulima kichwa kikiuma. Serikali yenyewe iliweka ushuru nafuu kwa waini ambayo zabibu za ndani zinazidi asilimia 75, kwa hiyo waini ya kweli ya nyumbani haina sababu ya kujificha, mwenye nayo ataiandika.

Tamu au drai, yaani isiyo tamu? Hapa watu wanaoneana aibu bila sababu. Kama umezoea soda na juisi, anza na tamu, nunua iliyoandikwa tamu kiasi, miezi ikienda utajikuta unasogea kwenye drai mwenyewe. Anayekucheka muache.

Chupa za kienyeji zisizo na lebo, zile za maji zilizojazwa upya, mimi nanunua kama nimemuona anayetengeneza na vyombo vyake. Zaidi ya hapo hapana.

HATUA YA 5: Ifikishe nyumbani ikiwa hai

Nikiri kosa langu. Safari ya kwanza nilinunua chupa sita nikazipanga kwenye buti ya gari la rafiki, tukashuka Morogoro tukala, tukapiga stori, gari liko juani kwa saa mbili nzima, kufika Dar usiku nafungua buti nakuta kizibo cha moja kimesogea juu na kapeti limelowa. Nikasema si hiyo moja tu. Nikaja kufungua nyingine wiki ileile, zote sita zina ladha moja, kama jamu iliyoungulia sufuriani. Zilipikwa. Pesa yangu na jasho la mama wa watu, vyote vimeishia Morogoro.

Kwa hiyo: chupa inakaa ndani ya gari na wewe, kwenye kiyoyozi, au ndani ya deli la barafu hata kama barafu yenyewe imeyeyuka, au zifunge kwenye kitenge kilicholowana. Nyumbani weka sehemu yenye giza na isiyobadilikabadilika joto, chini ya kitanda ni pazuri kuliko juu ya friji, juu ya friji ndo pabaya kuliko pote na ndo watu wengi wanapopapenda. Yenye kizibo cha koki ilaze, ya kuzungusha isimame tu. Na usitunze miaka. Waini nyingi za Dodoma zimetengenezwa zinywewe zikiwa changa, nyeupe ndani ya mwaka mmoja au miwili, nyekundu ongeza kidogo.

HATUA YA 6: Ipoze, hata nyekundu

Utasikia "nyekundu inanywewa kwa joto la chumba". Chumba cha nani? Waliosema hivyo walikuwa kwenye nyumba za mawe Ulaya, chumba nyuzi 16 au 18. Chumba chako Mbagala mwezi wa pili ni nyuzi 31, waini ikinywewa hivyo kilevi kinakupanda puani na utamu unakuwa kama sharubati. Nyekundu iweke friji dakika 30 mpaka 40. Nyeupe na ya waridi saa mbili au tatu. Wageni wameshakaa na umesahau? Ndoo, maji, barafu, chumvi viganja viwili, zamisha chupa mpaka shingoni, dakika 20 iko tayari. Chumvi ndo inafanya kazi hapo, usiiache.

HATUA YA 7: Kunywa na majira

Hii ratiba ni ya kwangu, geuza utakavyo.

Kaskazi, Januari mpaka Machi, joto la kukufanya uoge mara tatu: nyeupe ya Chenin, baridi, na samaki wa kukaanga mwenye ndimu na pilipili, au ngisi. Hii ndo saa ambayo drai nyeupe inaeleweka hata kwa wanaoikataa, maana ule uchachu unafanya kazi ya ndimu.

Masika yakianza, mvua inapiga bati na hutoki, mimi nahamia kwenye ya waridi na pilau. Pilau ina bizari na mdalasini, nyekundu nzito inagombana nayo, nyeupe inapotea, ya waridi inakaa katikati kwa adabu.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndo msimu wa nyekundu. Kama uko Dodoma wakati huo, Bunge la Bajeti linamalizika mwisho wa Juni, mji unapumua, mbuzi choma bei inarudi ya kibinadamu, unakaa nje na sweta na Syrah. Mafuta ya mbuzi na ule ukakasi wa ganda vinatafutana kabisa, chukua kipande cha mbavu kilichoungua kidogo, chumvi tu, tafuna, halafu ndo unywe, usinywe kabla. Na mkijaliwa mlenda wa kina mama wa Kigogo, mimi nakunywa nao Makutupora tamu kiasi, najua kuna watu watanishambulia ila jaribuni kwanza.

Vuli, Oktoba na kuendelea, kule wameshavuna na wanaanza kupogoa tena. Hapo ulizia chupa mpya nyeupe za mavuno ya Machi, zinakuwa zimetulia. Nyekundu ya Agosti usiiharakishe, isubiri mwaka unaofuata.

Wadau wa Kenya, hii ratiba mnaweza kuitumia na chupa zenu za Leleshwa za Naivasha, ila baridi yenu ya Julai ni kali zaidi kwa hiyo nyekundu inawafaa muda mrefu kuliko sisi wa pwani.

HATUA YA 8: Namna ya kuionja bila mbwembwe

Mimina theluthi ya glasi, sio kujaza kama soda, nafasi ya juu ndo inashika harufu. Zungusha kidogo, nusa. Usitafute maneno ya kwenye vitabu, tafuta ya kwenu: zambarau, ukwaju, pera, embe dodo, udongo uliopata mvua ya kwanza. Kunywa funda moja dogo, lizungushe mdomoni, meza. Halafu jiulize mambo matatu, utamu uko wapi, uchachu uko wapi, ukakasi uko wapi, kimoja kikiwashinda wenzake kwa mbali basi hapo kuna kasoro, aidha ya zabibu au ya joto la safari. Ikinuka siki imeshaharibika, usimuonee mtu haya, irudishe.

Kiasi ni glasi moja, mbili na chakula, na maji pembeni, kichwa kinachouma kesho yake mara nyingi kinachangiwa na kukosa maji na kukosa kula. Chini ya miaka 18 hapana, mjamzito hapana, mwenye funguo za gari hapana. Na kwa ndugu zetu wasiokunywa, safari ya shamba ni yenu pia, zabibu mbichi za Agosti zikitoka friji hazina mpinzani, nunueni ndoo kwa mkulima mwenyewe pale pale.

HATUA YA 9: Iliyobaki

Chupa iliyofunguliwa izibe irudi friji, hata nyekundu, siku tatu mpaka nne. Ikipita hapo usimwage, loweka nyama ya ng'ombe ile ngumu usiku kucha na kitunguu saumu na tangawizi, kesho chemsha humohumo, italainika. Au iache kwenye chupa pana na kitambaa mdomoni, pembeni jikoni, wiki kadhaa inageuka siki, mimi ndo ninayotumia kwenye kachumbari. Yule mama wa barabara ya Iringa nilimpelekea kachupa kadogo ka siki hiyo mwaka uliofuata, akainusa, akaonja kwa kidole, akaniuliza hii ni ya zabibu za kifuku sio? Na kweli ilikuwa ya Machi.